Anayetaka Kuwa Mwalimu wa Kwaya Aanzie Wapi

Wengi hudhani kwamba kazi ya mwalimu wa kwaya ni kupunga mikono mbele ya waimbaji, ilhali mikono huja mwisho. Anayeanza kazi hii Kisumu, Kakamega au Nakuru na alinoe sikio lake kwanza, na njia iliyo karibu zaidi ni solfa, ule mfumo wa do, re, mi ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa kwetu na wamisionari, ambao waimbaji wengi wa makanisani bado huusoma kwa wepesi kuliko noti za mistari mitano. Chagua wimbo unaoujua vizuri, uandike sauti zote nne (soprano na alto za wanawake, teno na besi za wanaume) kwa solfa bila kugusa kinanda, kisha ujikague. Ukilizoea zoezi hilo, utamtambua mwimbaji mmoja wa alto anayeteleza kuifuata soprano hata kama kwaya ina watu arobaini.

Jambo ambalo halipewi uzito unaostahili ni maneno. Mkazo wa Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la muziki linapaswa kuangukia papo hapo. Chukua neno "asifiwe" katika wimbo wa mapigo manne kwa kila kipimo, la kwanza likiwa ndilo zito, na kila silabi ikiwa na pigo lake. Ukilianza kwenye pigo la pili, "we" itaangukia pigo la kwanza la kipimo kinachofuata, na msikilizaji atahisi kwamba wimbo umetafsiriwa vibaya hata kama hajui kosa liko wapi. Lianze kwenye pigo la tatu, na "fi" itakaa mahali pake. Nyimbo kadhaa tunazoziimba kila Jumapili zina kasoro hii, nasi tumeizoea. Kwa Kiluo inabidi kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadilisha maana ya neno. Kwa hiyo, kabla ya kupanga wimbo wa asili, mwombe mama mzee anayeujua ayatamke maneno yake polepole, nawe ufuatishe.

Katika mazoezi, desturi ni kuanza na soprano. Mimi huanza na besi, kwa kuwa sauti nyingine zote husimama juu yake, na pia kwa sababu wanaume wakikaa bila kazi nusu saa hutoka nje kupiga gumzo. Fundisha vifungu vifupi, unganisha sauti mbili mbili, na usiruhusu ngoma hadi wimbo umekomaa. Ukitumia isukuti, mchezo wa ngoma wa Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kumbuka kwamba ngoma zake, zinazoitwa baba, mama na mtoto, hukimbiza mwendo wa wimbo ambao haujashikwa sawasawa.

Sauti ya kuanzia usiikisie. Niliwahi kuikisia jukwaani, nikaianzisha kwaya juu mno, na kufikia ubeti wa pili soprano walikuwa wakipiga mayowe. Tangu siku hiyo hutembea na kile chuma cha ncha mbili kinachotoa la ya hezi 440, nikakigonga gotini na kukisogeza sikioni kabla ya kutoa noti.

Kuhusu vyeti, somo la Muziki katika sekondari ni mwanzo mzuri, na Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu, kipo kwa anayetaka shahada. Atakayefundisha shuleni atahitaji pia kusajiliwa na TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu nchini Kenya. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo huanzia ngazi za chini hadi la kitaifa, litakufunza mengi ukiichukua karatasi ya waamuzi na kuisoma mbele ya kwaya nzima katika mazoezi yanayofuata, ukianza na yale yaliyoandikwa juu yako.