P0171 kwenye IST na Vitz: soma namba kwanza, usikimbilie kununua sensa

Hii ni kwa wenye Toyota IST, Vitz, Probox na nyingine zenye injini ya 1NZ-FE au 2NZ-FE, ila hata kama una gari ingine ndogo ya petroli kanuni ni ile ile. Taa ya cheki injini imewaka, asubuhi gari inatetemeka, sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka, ukikanyaga mafuta inasita kwanza ndo inaondoka, ukipima kwa mashine inatoka namba ya kosa P0171. Yani hewa imezidi mafuta. Injini ya petroli inataka kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta, kompyuta imeona hewa imezidi, ikaongeza mafuta mpaka ikafika mwisho wa uwezo wake ndo ikawasha taa.

Sasa mafundi wengi wakiona hio namba wanasema sensa ya oksijeni imekufa, unatumwa kwenye maduka ya spea Gerezani, Dar, unanunua, inafungwa, taa inarudi. Mara nyingi hio sensa ni nzima kabisa na ndo iliyotoa taarifa. Naomba sana usitoe hela kabla hujaangalia fyueli trimu.

Fyueli trimu ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au inapunguza, iko ya muda mfupi na ya muda mrefu, we zijumlishe. Kati ya -10 na +10 hakuna shida, ikikaribia +20 na kuendelea hapo ndo taa inawaka. Unaweza kusoma kwa kifaa cha bluetooth na simu, ila gari za soko la Japani za zamani kidogo zingine hazikubali hivyo vifaa vya bei rahisi, ikigoma nenda gereji yenye mashine nzuri na umwambie fundi akuonyeshe data injini ikiwa inawaka, asikusomee namba ya kosa tu akafunga.

Injini ikishapata moto soma ikiwa sailensa, halafu piga resi ishike mizunguko 2500 kwa dakika usome tena. Hapa ndo kazi yote ilipo. Kama sailensa inasoma +25 na kwenye 2500 inashuka mpaka +5, kuna sehemu inavuta hewa, kwa sababu tundu dogo linasumbua pale injini inapovuta hewa kidogo, ikivuta nyingi tundu halionekani. Kama ni kinyume chake, sailensa iko sawa ila inapanda kadri unavyokanyaga, basi mafuta hayafiki ya kutosha au sensa ya eaflo (inayopima hewa inayoingia kwenye injini) inasoma hewa pungufu.

Tuanze na kuvuta hewa mana ndo nyingi. Mpira mkubwa unaotoka eakilina (boksi la filta ya hewa) kwenda throto (mlango wa hewa wa injini), ufungue kabisa uukunje kwa mkono, unapasuka ndani ya mikunjo na mara nyingi upande wa chini, ukiutazama ukiwa umefungwa unaona mzima. Halafu mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa injini ukachomwe tena), unakakamaa na kuchanika pale kwenye klipu, na ule mnene wa busta ya breki. Ubane mmoja mmoja kwa koleo lenye kitambaa huku injini inawaka, ukibana na sailensa ikatulia umeshapata mpira wenye tundu.

Ikishindikana angalia gasketi ya manifodi ya kuingiza hewa. Dalili yake gari inasumbua sana ikiwa ya baridi asubuhi, ikipata moto inatulia, kwa sababu gasketi imekakamaa na vyuma vikitanuka inaziba tena. Puliza maji ya sabuni kidogo kwenye maungio ukisikiliza sailensa ikibadilika, watu wanatumia kabu klina (dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta) lakini ile inawaka moto, karibu na eksozi ya moto au waya wa plagi unaochomoka unaweza kuunguza gari. Gereji yenye mashine ya moshi, inayoonyesha tundu kwa moshi unaotoka, ndo bora zaidi. Gasketi weka mpya, sehemu inapokaa isafishwe vizuri, bolti zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, na usikubali fundi apake silikoni juu ya ile ya zamani, itavuta hewa tena na silikoni ikiingia ndani inaharibu sensa kweli.

Kama trimu inapanda kwenye resi, safisha eaflo kwa dawa yake maalum ya kupuliza, kale kawaya ndani usikaguse hata kwa pamba, acha ikauke ndo ufunge. (Gari yako kama haina eaflo na inatumia sensa ya presha kwenye manifodi, hewa ya pembeni itaonekana zaidi kwa sailensa kuwa juu kuliko kwenye trimu.) Bado? Pima presha ya mafuta, 1NZ-FE inatakiwa iwe kati ya psi 44 na 50. Ikiwa chini ni pampu au filta, na kwenye hizi gari filta iko ndani ya tenki pamoja na pampu. Ile tabia ya kutembea taa ya mafuta imewaka kila siku inaua pampu, petroli ndo inaipooza. Presha ikiwa sawa basi nozeli (zinazopuliza mafuta kwenye injini) zioshwe kwa mashine.

Eksozi nayo ikitoboka kabla ya sensa inaingiza hewa ya nje na sensa inadanganyika, tafuta masizi meusi kwenye maungio na mlio wa tik tik asubuhi.

Usiliache tatizo likae hivo miezi, mwako unakuwa wa moto kuliko kawaida na valvu zinaungua, hasa ukipanda mlima Kitonga gari imejaa watu.

Ukishatengeneza futa kosa, tembea siku kadhaa kwenye foleni na barabara kubwa, halafu soma trimu ya muda mrefu tena. Taa kutowaka peke yake haitoshi, inaweza kuwa +17 imejificha chini ya kiwango, hapo bado kuna tundu hujalipata.