Jinsi ya Kupanga Siku Tatu Kisumu Ukitokea Nairobi

Kazi yangu ni kuandaa safari za mwisho wa juma kwa vikundi vidogo vya watu wa Nairobi: wafanyakazi wa ofisi moja, akina mama wa chama, familia yenye nyanya na wajukuu. Kisumu ndiko ninakoulizwa zaidi, na karibu kila ratiba ninayoletewa nikague ina kasoro ileile. Mtu ameandika mahali anapotaka kufika, akapapanga kwa jinsi panavyokaribiana kwenye ramani, wala hakujiuliza ziwa litakuwa katika hali gani saa atakayofika. Mwongozo huu unapanga siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kwa kufuata upepo na jua.

Hatua ya 1: Zielewe saa za ziwa

Kisumu imekaa mwishoni mwa Ghuba ya Winam, ambayo ni mkono wa Ziwa Victoria ulioingia ndani ya Kenya. Wajaluo huliita ziwa lenyewe Nam Lolwe. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, kwa hiyo hadi asubuhi upepo huelekea ziwani na maji ya karibu na mji huwa yametulia. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto upesi, hewa yake hupaa, na upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani kuja mjini, ukileta mawimbi na mara nyingine mvua ya radi alasiri. Upepo huohuo ndio unaoyasukuma magugu maji, ambayo yameisumbua ghuba hii tangu miaka ya 1990, na ndiyo sababu gati lililokuwa wazi leo linaweza kuzibwa kesho.

Niliwahi kukubali kukipeleka kikundi majini saa tisa alasiri kwa kuwa tulichelewa njiani na watu walikuwa wamekwisha kulipa. Tulirudi salama, ila tulirudi tumelowa hadi kiunoni, mama mmoja akiwa ametapika njia nzima, na hakuna aliyekumbuka kutazama ndege hata mmoja. Tangu siku hiyo sikubali safari ya boti baada ya saa tano asubuhi, hata mteja akinung'unika.

Hatua ya 2: Ondoka Nairobi mchana

Barabara ya kupitia Nakuru na Kericho ni ya takriban kilomita 350, na basi huichukua kwa saa saba au nane. Wengi hupenda basi la usiku ili kuokoa siku. Mimi nalikwepa, kwanza kwa usalama, na pili kwa sababu msafiri wa usiku hupitwa na ukingo wa Bonde la Ufa, mashamba ya chai ya Kericho, na ule mteremko wa kuingia tambarare za Nyando na Ahero, ambapo watu wa Nairobi huanza kuvua masweta bila kuambiana. Ukiondoka saa moja asubuhi, utafika alasiri. Treni ya abiria ilirejeshwa mwaka 2021, lakini usiitegemee kabla ya kuiona ratiba ya juma lenyewe. Ndege huchukua chini ya saa moja.

Kabla ya kuondoka, pakia kofia, kitambulisho na dawa ya kujipaka dhidi ya mbu, na uhakikishe kwamba chumba ulichokodi kina chandarua, kwa kuwa kanda ya ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi zaidi nchini.

Hatua ya 3: Ijumaa jioni, tazama jua likizama

Kisumu iko magharibi ya Nairobi, hivyo jua lake huzama dakika kama nane baada ya la nyumbani, takriban kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kwa mwaka mzima. Chukua tuktuk hadi Hippo Point na ufike mapema. Jina la mahali hapa lisikudanganye: viboko hawana ahadi na mtu, na unaweza kukaa hadi giza usimwone hata mmoja. Kinacholeta watu hapa ni jua.

Hatua ya 4: Jumamosi alfajiri, ingia majini kutoka Dunga

Hii ndiyo saa ambayo ratiba nzima imejengwa kuilinda. Fika ufuo wa Dunga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wavuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, ambao huvua usiku kwa kutumia taa, wanarejea na mashua zao. Wasalimu kwa Kijaluo, "Oyawore", na utaona nyuso zikifunguka.

Kabla ya kukanyaga boti, mambo matatu yamalizwe mkiwa nchi kavu: bei ya boti nzima na muda wa safari, jaketi la kuokolea kwa kila mtu pamoja na watoto, na idadi ya abiria. Nahodha akisema majaketi yapo kwenye boti nyingine, ngoja hiyo boti nyingine.

Mwombe akupeleke polepole kandokando ya mafunjo. Kati ya ndege, furukombe na mnandi utawaona bila shida, na mdiria pia, akielea hewani kabla ya kutumbukia kama jiwe. Anayestahili subira ni ndege mmoja mweusi mgongoni, mwekundu kifuani na wa manjano utosini, ambaye makao yake ni vinamasi vya mafunjo; mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona. Viboko watazamwe kwa mbali, injini ikiwa tayari. Usiingie majini kutembea wala kunawa miguu, maana ziwa hili lina kichocho.

Hatua ya 5: Chagua samaki wako mwenyewe

Ukitoka majini, usingoje adhuhuri. Ngege, yaani tilapia, ndiye samaki wa hapa tangu zamani; mbuta, yaani sangara, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950, ni mkubwa na mnofu wake una mifupa michache, hivyo huwafaa watoto. Mfunue mashavu uone kama ni mekundu, tazama macho kama bado yanang'aa, na mkubaliane bei kabla samaki hajaingia kwenye mafuta. Mimi huagiza akaangwe kwanza, kisha apikwe kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu, pamoja na ugali na sukuma wiki. Uma haukatazwi, ila utajichosha bure.

Hatua ya 6: Jumamosi mchana na jioni

Jua la saa saba likimbilie Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Usikawie sana kwa nyoka na mamba. Nenda Ber-gi-dala, boma kamili la Kijaluo, umwombe mwongozaji akueleze kwa nini nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hutazamana na lango, na nyachira na reru ni akina nani. Maneno hayo utayahitaji kesho. Jua likipoa, ingia Hifadhi ya Impala, ambayo ilianzishwa mwaka 1992 na iko kando ya ziwa, uwaone swala pala na nzohe, yule swala wa vinamasi. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, na ni heri ukilipe mapema kuliko kuhangaika na mtandao langoni.

Hatua ya 7: Jumapili, Kit Mikayi kisha Kibuye

Ondoka saa moja asubuhi kwenda Seme, kama kilomita 30 kwenye barabara ya Bondo, kabla mawe hayajashika moto. Kit Mikayi maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Wenyeji husimulia kwamba mzee mmoja alilipenda jabali hilo kiasi cha kushinda hapo kila siku, na mkewe alipoulizwa aliko mumewe, akajibu kwamba amekwenda kwa mikayi wake. Waumini wa Legio Maria huja kusali mapangoni. Punguza sauti, na usimpige mtu picha bila ruhusa.

Ukirudi, pitia soko la Kibuye, ambalo Jumapili hufurika mitumba, vyungu na nafaka. Ukiona muda umebana, liache Kibuye, usiliache jabali.

Hatua ya 8: Kurudi

Panda basi la saa saba mchana ili ufike Nairobi kabla usiku haujawa mkubwa. Samaki wa kubeba awe wa kukaushwa au omena mkavu, amefungwa mara mbili, kwa heshima ya abiria wenzako. Na ukishikwa na homa wakati wowote katika mwezi unaofuata, nenda ukapimwe damu siku hiyohiyo, na umweleze daktari kwamba ulikuwa kanda ya ziwa, kwa sababu akiwa Nairobi huenda asiifikirie malaria kwanza.