Kufundisha milinganyo darasa la sita na la saba: mizani kwanza, herufi baadaye

Kabla hujaandika x hata moja ubaoni, mwalimu mwenzangu, waandikie wanafunzi swali hili, kila mmoja ajibu kwenye karatasi yake bila kuchungulia ya jirani:

8 + 4 = □ + 5

Nafundisha Hisabati darasa la sita na la saba, na kila mwaka mada ya aljebra naianza hivi. Karatasi nyingi hurudi na 12. Nyingine huwa na 17, mtoto amejumlisha kila namba aliyoiona. Wenye 7 huwa wachache, na si lazima wawe wale wanaoongoza mitihani. Hao wa 12 si wazembe. Tangu darasa la kwanza wameiona alama ya sawasawa ikikaa mwishoni, mbele yake nafasi ya jibu, kwa hiyo kwao alama hiyo inaamrisha: "Haya, lete jibu." Ukimpa mtoto wa namna hiyo 2x + 3 = x + 8, atakariri unachofanya ubaoni na kukisahau likizo ikiisha. Mwalimu wa kidato cha kwanza atampokea akiwa mikono mitupu, na huko somo lenyewe linafundishwa kwa Kiingereza.

Njia ninayoieleza hapa inachukua kama vipindi kumi. Inafaa hata kwenye darasa la watoto 80, maana vifaa vyake havina gharama.

Hatua ya 1: Irudishie maana alama ya sawasawa

Kiswahili kinatusaidia sana hapa, na wengi wetu hatuutumii msaada huo. Neno mlinganyo limetoka kwenye kulingana. Mtoto anajua kulingana ni nini: watoto wawili wakisimama mgongo kwa mgongo, wenzao huwaambia kama wanalingana au mmoja kampita mwenzake. Basi 3 + 4 = 7 isome kwa sauti, "tatu jumlisha nne inalingana na saba." Acha kabisa kusema "jibu ni saba" kwa wiki mbili hizi.

Kisha andika sentensi kama hizi, waseme ipi ni kweli na ipi si kweli:

9 = 4 + 5
6 = 6
3 + 7 = 7 + 3
5 + 2 = 7 + 1

Usishangae wakikataa 9 = 4 + 5. Watakuambia imeandikwa kinyume. Na 6 = 6 watasema haina hesabu. Waache wabishane, usiwahi kuwaamulia. Hapo ndipo ninapowasimulia kuwa alama yenyewe ilianza kutumiwa mwaka 1557 na Robert Recorde, mtu wa Wales, aliyechoka kuandika kwa maneno kila mara kwamba hiki kinalingana na kile. Akachora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, akasema hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Waichore wenyewe. Mstari mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, darasa zima litakemea.

Hatua ya 2: Tengeneza mizani

Chukua rula ya ubaoni ya mita moja. Ifunge kamba katikati, kwenye sentimita 50, uining'inize kwenye fremu ya mlango. Ning'iniza sahani mbili nyepesi za plastiki, moja kwenye sentimita 5 na nyingine kwenye 95, kila moja kwa kamba tatu. Ikilala upande mmoja kabla hujaweka kitu, bandika udongo kidogo upande uliopanda hadi itulie.

Omba vizibo vya soda za chupa dukani au kwa mama ntilie, watakupa bila malipo. Chagua vya aina moja ili uzito uwe mmoja. Kisha kata vipande vya gazeti vinavyolingana, ufunge vizibo vitano katika kila kipande. Hivyo ndivyo vifurushi vyako. Kumbuka kwamba gazeti nalo lina uzito. Kwa kila kifurushi unachoweka upande mmoja, weka kipande kitupu cha gazeti, kimekunjwa vilevile, upande wa pili. Na kila kifurushi kikitolewa, kipande chake kitupu nacho kitoke. Siku ya kwanza sikujua hilo, mizani ikagoma kulingana mbele ya darasa zima, na watoto wakaanza kutilia shaka hesabu yenyewe.

Sasa weka vifurushi vitatu na vizibo vinne kushoto, vizibo kumi na tisa kulia. Mizani inatulia. Uliza: kila kifurushi kina vizibo vingapi? Kufungua kifurushi ni marufuku. Simamisha watoto wawili, mmoja kila sahani, na sharti lao ni moja tu: anachofanya huyu, yule naye afanye kilekile, kwa wakati uleule, mizani isiyumbe.

Watanyamaza kwanza. Halafu mmoja ataondoa kizibo, mwenzake naye ataondoa, wataendelea hadi vizibo vinne vya kushoto viishe. Kulia vimebaki 15. Vifurushi vitatu vinalingana na vizibo 15, hapo mikono itajaa hewani. Fungua kifurushi sasa. Kelele utakazozisikia vikihesabiwa vitano ndizo zitakazokubeba kipindi kinachofuata.

Waliokaa wachore kila tendo kwenye daftari: mizani, vifurushi kama viboksi, vizibo kama vidoti. Bila michoro hiyo, darasa kubwa linabaki kuwa watazamaji.

Hatua ya 3: Kutoka kifurushi hadi herufi

Usikimbilie. Siku ya pili bado waandike "kifurushi + kifurushi + kifurushi + 4 = 19", halafu "vifurushi 3 + 4 = 19". Watachoka wenyewe kuandika neno refu na kuomba kifupisho. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karibu mwaka 820 kile kitabu kilichoipa aljebra jina lake, hakutumia herufi hata moja. Aliandika kila kitu kwa maneno, na namba isiyojulikana akaiita "shai", yaani kitu. Neno al-jabr lenyewe ni kurudishia kilichopungua, na Waarabu hulitumia pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Ikiwa bingwa alianza na "kitu", mtoto wa darasa la sita anaweza kukaa siku mbili na "kifurushi".

Kosa moja tuliache sisi walimu: kusema 3m ni maembe matatu. Linaonekana rahisi, na baadaye linaharibu kila kitu. Mtoto akishaamini m ni embe, atashindwa kuelewa m inawezaje kuwa 5, au inawezaje kugawanywa. Herufi inasimama badala ya namba: idadi ya vizibo ndani ya kifurushi, bei ya embe moja, umri wa mtu. Nikitumia maembe husema, "m ni bei ya embe moja, kwa hiyo 3m ni fedha ya maembe matatu."

Wafundishe pia kuwa 3x ni 3 zidisha kwa x. Bila hilo, siku x itakapokuwa 5, wataandika 35.

Hatua ya 4: Kusuka na kufumua

Cheza nao "fikiria namba". Fikiria namba, izidishe kwa 3, jumlisha 4, umepata ngapi? 19. Mwenzake ataje namba ya mwanzo.

Waulize wanaosuka nywele: msuko unaanzia wapi? Kwenye shina. Na ukifumua unaanzia wapi? Nchani. Kilichosukwa mwisho kinafumuliwa kwanza. Namba imesukwa kwa kuzidisha, kisha kujumlisha. Kwa hiyo tutafumua kwa kutoa, kisha kugawanya. Hapa MAGAZIJUTO wanayoijua tangu zamani, ule mpangilio wa matendo (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), inapata kazi mpya. Tunaposuka tunaifuata kutoka mbele, tunapofumua tunatembea nayo kinyumenyume, na kila tendo linageuka kinyume chake.

Waandike hivi, alama za sawasawa zipangwe wima kama nguzo:

3x + 4 = 19
3x + 4 − 4 = 19 − 4
3x = 15
3x ÷ 3 = 15 ÷ 3
x = 5

Mstari wa pili na wa nne watoto hawaupendi, wanaona unachelewesha. Usiuruke kwa wiki nzima. Na kemea treni, ile ya 19 − 4 = 15 ÷ 3 = 5. Mwambie aisome kwa "inalingana na": 19 toa 4 inalingana na 15 gawanya kwa 3? Atajisahihisha mwenyewe.

Hatua ya 5: Herufi pande zote mbili

Kufumua pekee hakutoshi hapa. Rudisha mizani: vifurushi viwili na vizibo vitatu kushoto, kifurushi kimoja na vizibo vinane kulia.

Nakumbuka binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima alikuwa hajanyoosha mkono. Alisimama akasema, "Mwalimu, kifurushi cha huku na cha kule si vinafanana? Tuvitoe vyote viwili." Wenzake wakamwambia hajui kuna nini ndani. Akajibu, "Sina haja ya kujua, vinalingana." Katika sentensi hiyo mlikuwa na aljebra yote ninayotaka mtoto aondoke nayo shule ya msingi. Alitoa, mizani ikatulia, kikabaki kifurushi na vizibo vitatu dhidi ya vizibo vinane.

Hii ndiyo sababu siwapi mapema ile kanuni ya "ikivuka daraja inabadili alama", yaani namba ikihamia upande wa pili wa alama ya sawasawa, jumlisha inakuwa toa na toa inakuwa jumlisha. Kanuni si ya uongo, lakini inaficha kilichotendeka. Mtoto aliyepewa kanuni hiyo siku ya kwanza, akikutana na 3x = 15, huivusha 3 na kuandika x = 15 − 3. Amefuata daraja kama alivyoambiwa. Aliyetoa na kugawanya pande zote mbili hatafika huko. Wakiwa wameandika mistari mirefu kwa muda, wataugundua ufupisho wenyewe, nawe waruhusu.

Hatua ya 6: Mabano na sehemu

Kwa 2(x + 3) = 16, funga mifuko miwili, kila mmoja una kifurushi na vizibo vitatu. Wataona kwamba mabano yakifunguliwa, 2 inazidisha vyote vilivyomo, na pia kwamba wanaweza kugawanya kwa 2 kwanza, wapate x + 3 = 8.

Kwenye sehemu, kama x/2 + x/3 = 10, zidisha kila kilichopo kwa KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya asili zote, yaani namba za chini, ambayo hapa ni 6: 3x + 2x = 60, x = 12. Wengi husahau kuizidisha ile 10. Waambie waizungushie duara kwanza.

Hatua ya 7: Mizani ikifika mwisho wake

Huwezi kuweka vizibo hasi kwenye sahani. Wakati wa x + 7 = 3 ukifika, waambie wazi kwamba mizani imefika mwisho wa kazi yake, na mnaendelea na sheria yake: pande zote mbili, tendo moja. Mimi hutumia deni. Mtu alipewa 7 akabaki na 3. Alikuwa anadaiwa 4, akalipa. x = −4.

Kwa 10 − 2x = 4, waanze kwa kujumlisha 2x pande zote mbili: 10 = 4 + 2x. Halafu 6 = 2x, na 3 = x. Hapa utaona faida ya hatua ya kwanza. Mtoto aliyekubali 9 = 4 + 5 hatahangaika kuona x imekaa kulia.

Hatua ya 8: Kuhakiki

Jibu lirudishwe kwenye mlinganyo wa mwanzo kila mara, na mstari wa uhakiki uwe na maksi yake. Mtihani wa kumaliza darasa la saba una maswali ya kuchagua herufi, na mtoto anaweza kujaribisha chaguo moja moja mpaka pande zote mbili zilingane. Simkatazi, ni uhakiki halali. Ila kwenye daftari langu hapati maksi bila njia.

Hatua ya 9: Mafumbo ya maneno

Andika sentensi moja kabla ya mlinganyo: "x ni bei ya daftari moja kwa shilingi." Daftari tatu na kalamu ya shilingi 500 zimegharimu shilingi 3,500. Basi 3x + 500 = 3,500, x = 1,000. Kwenye umri chunga neno "mara". Baba ana umri mara tatu ya mwanawe, jumla yao ni miaka 48. Wapo watakaoizidisha kwa 3 herufi ya baba kwa sababu ametajwa kwanza. Uliza nani mkubwa, umri wa nani uzidishwe ili ulingane na wa mwenzake. Mtoto ni x, baba ni 3x, 4x = 48, mtoto ana miaka 12 na baba 36.

Kipindi cha mwisho kila mtoto atunge mlinganyo ambao jibu lake analijua, aufunge kwenye kipande cha gazeti kama kifurushi, na kumpa wa dawati jingine. Mtunzi ndiye msahihishaji. Wakitofautiana jibu, wakae pamoja, wachore mizani, waanze kutoa kila upande kizibo kwa kizibo.