Jinsi ya kujua majimoto wa mti huu na ule ni koloni moja

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mwanafunzi anayefanya utafiti kwenye mikorosho, Mtwara. Alitaka kulinganisha miti yenye majimoto, sisimizi wakali wa mitini (*Oecophylla longinoda*), na isiyo nao, maana majimoto huwinda mbu wa mikorosho na mbu wa minazi, ambao si mbu wa kuuma watu bali wadudu wanaofyonza mimea hiyo. Kuhesabu viota aliweza. Kutenganisha makoloni, yaani jamii zao, ndiko kulikomkwamisha.

1. Vifaa. Chupa za plastiki, vijiti, glavu, poda, kamba, karatasi na kalamu ya risasi. Paka poda ndani ya mdomo wa chupa na juu ya glavu, majimoto watateleza. Simu iache mfukoni. Karatasi haizimiki, na kalamu ya risasi haifutwi na mvua.

2. Ipe miti namba, kisha kagua matawi makuu. Tawi lenye msafara wa majimoto zaidi ya 10 lipe 1, lenye wachache nusu, tupu sifuri. Gawa jumla kwa idadi ya matawi, upate kipimo cha wingi wao mtini.

3. Jaribio la kukutanisha. Hapa usiharakishe. Koloni moja huwa na malkia mmoja, lakini viota vyake husambaa kwenye miti mingi, kwa hiyo ukaribu wa miti hauthibitishi chochote.

Chukua wafanyakazi wakubwa watano hivi kutoka kwenye msafara wa mti A. Usichukue wa kiotani: wadogo hubaki humo wakilea mabuu na hawapigani sana. Waache wapande kijiti wenyewe. Ukiwabana kwa vidole watatoa harufu ya hatari, na hata ndugu zao watawapokea kwa fujo, nawe utaandika "maadui" kimakosa. Waache chupani mpaka watulie.

Sasa wateremshe kwenye msafara wa mti B, mbali na kiota. Wakigusana vipapasio na kupishana, ni wamoja. Wa koloni tofauti hufungua taya, huinua tumbo juu, kisha mgeni hushikwa miguu na kuvutwa huku na huku mpaka ananyooka kama ngozi ya ngoma. Rudia kwa kuwatoa B kwenda A. Halafu, na hili wengi hulikwepa, rudisha wa A kwenye mti A wenyewe. Wakipigwa huko, tatizo ni namna ulivyowashika. Futa matokeo yote ya zamu hiyo. Baada ya mvua au upepo mkali, ahirisha.

4. Chora ramani, kisha unganisha kwa kamba miti ya koloni moja tu, ili majimoto wavuke.

5. Kagua shina. Tafuta sisimizi wadogo wa kahawia wenye askari wa vichwa vikubwa, *Pheidole megacephala*. Mtafiti wa wadudu M. J. Way, aliyechunguza minazi ya Zanzibar miaka ya 1950, alionyesha kwamba hao huwafukuza majimoto na kuuacha mnazi bila ulinzi. Ukiwakuta, andika namba ya mti huo pembeni mwa ramani kabla hujalinganisha mavuno.