Jinsi ya kuomba masahihisho ya nakala ya ushahidi wako wa kiapo katika kesi ya majeraha nchini Marekani

Mtu anayedai fidia ya majeraha katika mahakama za Marekani huhojiwa na wakili wa upande wa pili muda mrefu kabla ya kesi kusikilizwa. Mahojiano hayo hufanyika nje ya mahakama lakini chini ya kiapo, na maneno yake huchukuliwa na mwandishi rasmi ambaye baadaye hutoa nakala yenye kurasa na mistari iliyotiwa namba. Nakala hiyo ikisema goti la kulia ilhali ulisema la kushoto, wakili huyo atakusomea mstari huo mbele ya baraza la waamuzi, nawe utaonekana mtu anayebadilisha maneno.

Hatua ya kwanza huja mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika mahakama za shirikisho, Kanuni ya 30(e) ya Mwenendo wa Kesi za Madai inampa shahidi nafasi ya kuipitia nakala pale tu yeye au mhusika wa kesi anapoiomba kabla mahojiano hayajamalizika. Ndivyo ilivyo tangu marekebisho ya mwaka 1993. Mwambie wakili wako siku moja kabla kwamba unataka ombi hilo litamkwe na kuandikwa, kwa sababu mwisho wa saa nyingi za maswali kila mtu huwa amechoka na ni rahisi kulisahau.

Ombi likishawekwa, unapewa siku 30, na hesabu huanza siku unapoarifiwa kwamba nakala iko tayari, si siku unapopata nafasi ya kuifungua. Mahakama za majimbo zina kanuni zao: California hutoa siku 30, Texas siku 20 na New York siku 60. Kwa hiyo uliza kwanza kesi yako imefunguliwa katika mahakama gani.

Soma nakala yote, ukiwa na rekodi ya video kando kama ipo. Hakiki upande wa mwili, majina ya dawa, tarehe, mwendo wa gari, na nani hasa alikuwa akizungumza. Kama ulitoa ushahidi kwa Kiswahili kupitia mkalimani, soma kwa uangalifu maradufu, kwa kuwa kwa kawaida kinachoandikwa ni Kiingereza cha mkalimani, wala si maneno yako. Lugha yetu ina mitego yake hapa. Mguu ni kuanzia pajani hadi kwenye nyayo, na mkono ni kuanzia begani hadi vidoleni, ilhali Kiingereza humlazimisha mkalimani kuchagua sehemu moja. Saa mbili asubuhi inaweza kuandikwa kana kwamba ajali ilitokea usiku wa manane. La hatari zaidi ni jibu la swali la kukanusha: ukiulizwa, “Hujawahi kuumia mgongo kabla ya ajali hii?” nawe ukajibu “Ndiyo” kwa maana ya kukubali kwamba hujawahi, Kiingereza kinaweza kulibeba jibu hilo kama ungamo kwamba uliwahi kuumia.

Usifute wala kuandika juu ya nakala yenyewe. Jaza karatasi ya masahihisho, ukitaja ukurasa, mstari, maneno yalivyo, maneno yanavyopaswa kuwa, na sababu. Kwa mfano: “Ukurasa wa 47, mstari wa 12: panaposomeka ‘kulia’ pasomeke ‘kushoto’; sababu ni kosa la uandishi, kama inavyosikika kwenye video.” Kosa likiwa la tafsiri, sema hivyo waziwazi, usimtupie mwandishi lawama isiyo yake. Tia saini, kisha irudishwe kwa mwandishi kupitia wakili wako, nawe ubaki na ushahidi wa tarehe ya kuituma. Mwandishi huambatanisha masahihisho hayo na cheti chake.

Jibu la awali halifutiki. Hubaki kwenye kumbukumbu na unaweza kuulizwa kuhusu yote mawili. Kanuni inataja mabadiliko ya umbo na ya maana pia, lakini mahakama hazikubaliani kuhusu upana wa ruhusa hiyo. Mwaka 2000, katika kesi ya Thorn dhidi ya Sundstrand, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba, mojawapo ya mahakama za rufaa za shirikisho, ilikataa badiliko linalopingana na nakala, isipokuwa linaweza kuaminika kuwa ni kurekebisha kosa la uandishi, kama vile neno la kukanusha lililodondoka. Kwa maoni yangu, masahihisho machache yenye sababu thabiti hukulinda kuliko orodha ndefu ya majibu uliyoyafikiria upya nyumbani.

Mwandishi akishikilia kwamba aliandika sawasawa, wakili wako amwombe alinganishe na maandishi yake ya mkato au sauti aliyorekodi. Hilo lisipotosha, linabaki ombi rasmi la kuzuia sehemu hiyo isitumike, ambalo chini ya Kanuni ya 32(d)(4) lazima lifikishwe mahakamani mara kosa linapojulikana, au lilipopaswa kujulikana kwa uangalifu wa kawaida. Likicheleweshwa, pingamizi hilo huhesabiwa kuwa limeachwa.