Bango la kubadili matumizi likisimikwa mtaani kwenu, fanya haya kabla kamati haijakaa

Ukipita asubuhi ukakuta kwenye kiwanja cha jirani kuna bango jipya limeandikwa kusudio la kubadili matumizi ya ardhi, labda kutoka makazi kwenda kituo cha mafuta, au makazi kwenda hoteli na baa, usipite tu ukidhani ni tangazo la kuuza kiwanja. Hapo siku za pingamizi zimeshaanza kuhesabika. Huku Mbeya tuna tabia moja mbaya, watu wananyamaza kimyaa mpaka siku greda linaingia ndo mtaa mzima unatoka nje na kanga kiunoni, wakati faili lilishajadiliwa zamani na mnayemzomea pale ni mwenyekiti wa mtaa ambaye hata kura hakuwa nayo.

Kwanza ujue anayeamua ni nani. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 mamlaka ya upangaji ni halmashauri yenyewe, yaani kwa hapa Jiji la Mbeya, kwa wenzetu wa Iringa ni Manispaa, ukienda Mafinga, Makambako au Tunduma ni Halmashauri ya Mji. Mwombaji anapeleka maombi kwa mkurugenzi, afisa mipango miji anaenda kukagua eneo na kuandika maoni yake, afu jambo linapelekwa kwenye kamati ya madiwani inayohusika na mipango miji na mazingira. Kwa kubadili matumizi faili haliishii hapo, linapanda wizara ya ardhi, na likikubaliwa mwenye kiwanja anarudisha hati anapewa yenye masharti mapya. Serikali ya mtaa na WDC (kamati ya maendeleo ya kata) wanatoa maoni tu. Maoni yao yana uzito, ndio, ila sio uamuzi. Kwahiyo mkijaza ofisi ya mtaa mkapiga makofi mkasema "tumekataa", bila karatasi kufika kwa mkurugenzi, mjue mmejifariji tu.

Siku hiyohiyo ya bango lipige picha, moja ya karibu maandishi yasomeke na nyingine ya mbali ionekane bango liko wapi (kuna mabango yanasimikwa nyuma ya mgomba nyie, mtu anayaona mbuzi tu). Andika namba ya kiwanja, kitalu, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa, tarehe, na mwisho wa kupokea pingamizi. Usiulize mtu "eti ni siku ngapi", soma kilichoandikwa pale, na kama tarehe haipo au bango limeng'olewa baada ya siku mbili hiyo yenyewe ni hoja, iandike.

Hatua inayofuata ndo wengi wanairuka, na kwa maoni yangu ndo yenye nguvu kuliko zote: nenda idara ya ardhi na mipango miji ukaone mchoro wa eneo lenu, ule watu wanaouita TP. Sio ramani ya upimaji yenye bikoni (alama za mipaka), hiyo ni nyingine. Mchoro wa mipango miji ndo unaonyesha hapa makazi, hapa biashara, hapa shule, hapa eneo la wazi, barabara hii upana wake mita ngapi. Unaweza ukakuta vitu vya ajabu. Kiwanja mnachobishania kinaweza kuwa kwenye mchoro ni eneo la wazi, na hapo swali linabadilika kabisa, hamuulizi tena kwanini anataka baa, mnauliza alimilikishwaje. Au mchoro unasema barabara ya mtaa ina mita kumi na uhalisia ukipita na bajaji mbili lazima moja ipande kwenye ua la mtu. Kama mtaa wenu ulijengwa kiholela ukaja kurasimishwa baadaye, mchoro upo pia, nyie wenyewe mlichangia hela za kuuandaa, mna haki ya kuuona. Ukizungushwa "njoo kesho, anayehusika yuko saiti", andika barua ya kuomba taarifa kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inampa mwenye taarifa mpaka siku 30 awe amekujibu. Siku 30 zinaweza kupita na muda wa pingamizi, kwahiyo usisubiri, peleka pingamizi kwanza na uandike humo kwamba mmeomba mchoro bado hamjapewa.

Sasa sababu. Hapa ndo watu wanajimaliza wenyewe. Afisa mipango miji hawezi kwenda mbele ya kamati na hoja ya kwamba mwombaji anaringa, au sio mzaliwa wa huku, au atawamaliza wenye maduka madogo. Hizo zinasomwa zinawekwa pembeni. Zinazoshika ni zile zinazohusu ardhi yenyewe na watu wanaoizunguka. Gari la mafuta litageuzia wapi kwenye njia hiyo? Maji machafu ya hoteli ya vyumba vingi yanaenda wapi kama mtaa hauna mfumo wa majitaka na kila mtu anategemea shimo? Shule iko umbali gani, pima kwa hatua au kwa simu, andika. Kuna mto? Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Iko kandokando ya barabara kuu? Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na kwa sisi wa njia ya Tanzam, barabara kuu ya kwenda Zambia, tunaoona barabara ya njia nne inavyojengwa kutoka Nsalaga kwenda Ifisi hili sio la kuelezwa sana. Na mteremko jamani, tuko milimani sisi. Aprili 2024 matope ya mlima Kawetele yalishuka Itezi yakafukia nyumba za watu na shule ikaathirika, kwahiyo ukisema eneo lina mteremko mkali na mfereji wa maji ya mvua unapita palepale panapotaka kuchimbwa msingi hakuna diwani wa Mbeya atakayekuona unaleta siasa.

Barua iwe fupi. Kwa mkurugenzi, kupitia mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata kama mnaelewana nao, kama hamuelewani peleka moja kwa moja na nakala muwape. Mfano:

"YAH: PINGAMIZI JUU YA KUSUDIO LA KUBADILI MATUMIZI YA KIWANJA NA. ... KITALU ... MTAA WA ... Sisi wakazi tunaopakana na kiwanja tajwa tumeona bango la tarehe ... Tunapinga maombi hayo kwa sababu zifuatazo: (1) barabara pekee ya kuingilia ina upana wa mita ... tulizopima, picha imeambatanishwa. (2) kiwanja kiko hatua... kutoka uzio wa shule ya msingi. (3) mfereji wa maji ya mvua wa mtaa unapita ndani yake. Endapo mamlaka itaona maombi yafikiriwe, tunaomba yawekewe masharti haya: ..."

Hicho kipengele cha mwisho wengi hawakipendi, wanaona kama kukubali kushindwa. Mi naona tofauti. Mara nyingi mwombaji ana hela, ana mchoraji, ana kila kitu, na halmashauri inataka mapato, kwahiyo kumkatalia kabisa sio rahisi. Ila masharti yanapatikana: lango litokee barabara kubwa sio kwenye kichochoro, ukuta upande wa makazi, hakuna muziki wa nje, shimo la majitaka likae mbali na kisima cha mama fulani. Na masharti yaliyoandikwa kwenye kibali mtayatumia miaka yote mbele, hasira za siku ya mkutano zinaisha siku hiyohiyo.

Majina na sahihi za wanaopakana ziwe za kwanza, na namba za nyumba au viwanja vyao. Sahihi mia za watu wa kata ya tatu hazina maana, wapakani watano wanatosha kabisa. Tena msikusanye sahihi msibani au kwenye kikoba karatasi ikiwa tupu juu, itakuja kuwageukia.

Peleka masjala, pale barua zinapopokelewa, sio mezani kwa afisa unayemfahamu. Masjala wanagonga muhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye kopi yako, ukitoka bila muhuri ni sawa na hujapeleka. Nakala moja kwa afisa mipango miji, moja kwa diwani wenu, moja ofisi ya kamishna msaidizi wa ardhi mkoa. Afu fuatilia. Muulize diwani kamati inakaa lini, yeye anapata makabrasha kabla. Vikao vya kamati hamkaribishwi ila baraza la madiwani lenyewe, linalokaa kila robo mwaka, mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, nendeni wachache mkakae kwa adabu, kuwepo tu kunasaidia. Na kama kuna diwani mnajua kabisa ana hisa kwenye huo mradi au kiwanja ni cha shemeji yake, anatakiwa atangaze maslahi na asishiriki kujadili, mkumbusheni kwa barua kwa mkurugenzi, kwa lugha ya upole, msimuite mwizi.

Halmashauri sio mlango pekee. Kituo cha mafuta kinahitaji tathmini ya mazingira ya NEMC (wasimamizi wa mazingira) na kinapita EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) pia, na wote wana ofisi za kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapahapa Mbeya. Wataalamu wa tathmini wakija mtaani na madodoso yao ya kuuliza maoni msiwakimbie mkidhani ni watu wa mikopo, mkijibu "sawa tu" inaandikwa sawa tu. Baa nayo ina habari za leseni ya vileo, na kelele zikizidi baadaye NEMC wanazishughulikia.

Mtu akianza kujenga bila kibali hiyo ni njia nyingine kabisa na fupi zaidi: picha zenye tarehe, barua kwa mkurugenzi, omba atolewe notisi ya kusimamisha ujenzi. Fanya akiwa kwenye msingi. Akishapaua kila mtu anaanza kumuonea huruma.

Wa vijijini, Rungwe, Kilolo, Mufindi huko kwenye mashamba ya parachichi na miti, utaratibu wenu ni tofauti. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na halmashauri ya kijiji haigawi ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Kwahiyo mwekezaji akija na gari zuri na muhtasari umeshasainiwa, ulizeni mkutano ulikuwa tarehe gani, mahudhurio yako wapi. Na ulizeni kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, maana kama eneo liliwekwa malisho au msitu wa kijiji huwezi kuligawa kama shamba jipya kienyeji tu.

Kama wewe ndo unayeomba kubadili, usiogope haya yote, pita kwa majirani kabla ya bango, kaa nao kibarazani, waonyeshe ramani. Kibali cha ujenzi siku hizi kinaombwa mtandaoni kwenye mfumo wa TAUSI na malipo ni kwa kontroo namba, mtu akikuambia umpe mkononi "nikusogezee" achana naye.

Mkishindwa kote kuna mahakama, ila msikurupuke. Ugomvi wa mpaka na jirani unaanzia baraza la kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu halihukumu, ikishindikana mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini kuishtaki halmashauri ni kitu kingine, mnatakiwa mtoe notisi ya siku 90 kwanza, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na kesi inaenda Mahakama Kuu. Siku 90 ni nyingi sana kama greda limeshafika, hivyo kamtafuteni wakili au kituo cha msaada wa kisheria mapema mkaulize kuhusu zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha kazi kwanza, na mkienda bebeni ile kopi yenye muhuri wa masjala, ndo kitu cha kwanza atakachowauliza.