Kupanda paini kama tulivyofundishwa Mufindi

Finland ilianza kufadhili mradi wa Panda Miti Kibiashara mwaka 2014, nasi wakulima wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania tukapata mafunzo na mbegu bora. Msaada huo unazaa ukiufanyia kazi shambani.

Jiungeni kwenye kikundi kwanza. Subiri mvua zishike, udongo ulowe hadi chini, ndipo uchimbe mashimo mita 3 kwa 3. Chana kiriba chote, ule mfuko wa plastiki uliooteshewa mche, ukitoe kabisa kabla ya kupanda; mizizi ikijikunja humo haitanyooka tena. Mimi nilikiacha, upepo wa mwaka wa tatu ukaniangushia miti, niliumia sana. Ukishapanda, shindilia udongo kwa kisigino, taratibu.

Kiangazi kisikukute hujafyeka barabara ya kuzuia moto. Mwite jirani, mfyeke pamoja, mkianzia upande wanakopita wachoma mkaa.